Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi na makazi: dalali anaijua nyumba yangu kuliko ninyi

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Nawaandikia kutoka Goba, wilaya ya Ubungo, Dar es Salaam, nikiwa nimekaa ndani ya nyumba ambayo karatasi zake zinasema iko Kinondoni. Hilo nitalieleza. Kwanza niwasomee tangazo.

"Nyumba inauzwa Goba. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule kubwa, daining, jiko, stoo, choo cha pablik. Fensi na geti. Maji ya DAWASA yapo, umeme upo, simtanki lita 2,000. Banda la uani chumba na sebule, linapangishika. Kiwanja skwea mita 650. Mita 400 tu kutoka lami. Mtaa umetulia, majirani wastaarabu. Dokumenti: mauziano ya serikali ya mtaa, na imepimwa. Bei milioni 110, maongezi yapo. Kwenda kuona ni elfu 20."

Nyumba hiyo ni ya kwangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, magoti hayakitaki tena kilima chetu, na nimeamua kuuza nirudi kwetu Muheza. Tangazo liliandikwa na kijana dalali akiwa amesimama barazani kwangu, simu mkono mmoja, glasi ya maji mkono mwingine, kwa muda usiofika dakika kumi. Lina makosa mawili na uongo mmoja. Hata hivyo nikilipima kwa haki, sijapata kuona ofisi ya umma yenye maelezo ya nyumba hii yanayolikaribia lile tangazo kwa ukamilifu. Ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Nina bahasha ya kaki naitunza ndani ya sanduku la vitenge. Nimeitoa, nimezipanga karatasi mezani kwa mwaka, nikazisoma kama ninavyosoma insha za wanafunzi, yaani nikitafuta nani kanakili kwa nani. Hakuna aliyenakili. Kila karatasi inasimulia nyumba yake.

Ya kwanza ni mauziano ya mwaka 2008. Ni karatasi ya mistari iliyochanwa kwenye daftari kubwa, ina muhuri wa serikali ya mtaa, saini za mashahidi wanne na dole gumba la muuzaji, mzee wa Kizaramo aliyekuwa na shamba la mikorosho hapa kabla sisi hatujaja na tofali zetu. Ukubwa umeandikwa "hatua 30 kwa 25". Hatua za nani? Za muuzaji, naye alikuwa mtu mrefu, nikafurahi. Mipaka imeandikwa hivi: kaskazini mikorosho ya muuzaji, mashariki njia ya miguu, kusini mama wa maandazi, magharibi bonde. Leo mikorosho imekatwa yote, njia ya miguu ni barabara ya bajaji, mama wa maandazi aliuza akahamia Kibaha. Katika mipaka yangu minne uliobaki ni mmoja, bonde. Na bonde lenyewe, waheshimiwa, limesogea.

Mauziano hayo yanaitaja wilaya ya Kinondoni, kwa sababu mwaka 2008 Ubungo haikuwa wilaya. Iligawanywa kutoka Kinondoni mwaka 2016. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Ila mnunuzi wa kwanza aliyekuja, kijana anayefanya kazi benki, alipoona Kinondoni kwenye karatasi na Ubungo kwenye kibao cha getini alikunja uso, akaniuliza kwa adabu kama nina uhakika nauza nyumba hii na si nyingine.

Karatasi ya pili ni risiti ya upimaji. Mwaka 2018 ilikuja kampuni moja, jina nalihifadhi, tukaitwa kwenye mkutano chini ya mwembe, tukaambiwa sasa tunarasimishwa. Tulichanga. Walipita vijana na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakapima, wakachimbia bikoni, yaani alama za mpaka za saruji zenye namba, na miezi kadhaa baadaye tukaonyeshwa mchoro. Kiwanja changu kilitoka na mita za mraba 588. Sikulalamika. Hatua za mzee zilikuwa ndefu lakini si mita, na kipande kilikatwa mbele kupisha barabara, jambo nililolikubali kwa mdomo wangu. Hati miliki ndiyo tunaisubiri. Wenzangu waliokwisha kuipata wananiambia nifuatilie. Hilo neno "fuatilia" nadhani ndilo neno la kiserikali ninalolijua vizuri kuliko yote.

Ya tatu si karatasi, ni mita ya umeme. Imesajiliwa kwa jina la fundi aliyesimamia ujenzi, kwa sababu siku ya kuomba umeme mimi nilikuwa nasahihisha mitihani mkoani, akajaza fomu yeye. Miaka yote haikuwa na madhara. Kisha Agosti 2021 kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ikawa 1,500. Utaratibu wenyewe nausifu bila kinyongo, maana kwenye foleni zile za kulipia kodi ya jengo nilisimama na sizitamani. Ila kwenye mfumo mlipa kodi wa nyumba hii ni fundi ambaye hajawahi kulala humu hata usiku mmoja. Na kwa kuwa banda la uani nalo lina mita yake, kwa miezi kadhaa nilikatwa kama mwenye nyumba mbili, hadi nilipokwenda dirishani na kueleza. Waliorekebisha walikuwa wastaarabu. Walichoniuliza ndicho kilichonikaa kichwani: "Mama, una uthibitisho gani kwamba hizo mita mbili ziko kiwanja kimoja?" Nikatoa mauziano ya hatua 30 kwa 25.

Bili ya maji ina jina langu, lakini herufi mbili zimebadilishana nafasi, na tumezoeana hivyo.

Ya tano ni kibao cha namba. Februari 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa nchi nzima ili iwahi sensa ya Agosti 23. Vijana walipita na simu, wakasimama getini, wakagusa kioo mara tatu, nyumba ikapata namba na njia yetu ikapata jina. Tulipewa jina la mti ambao ulikuwa umeshakatwa. Hilo nalo silalamikii, kuna watu wamepewa majina ya watu wanaowachukia. Kibao kimenisaidia sana: wa bodaboda hafiki tena kwa jirani, na mwanangu akinitumia mzigo unafika. Sensa yenyewe ilipokuja, karani aliuliza paa ni la nini, ukuta wa nini, sakafu ya nini, maji tunayatoa wapi, choo cha aina gani. Nilimjibu yote kwa furaha, na chai akanywa. Nchi ikahesabiwa watu 61,741,120, na kwa mara ya kwanza majengo nayo yakahesabiwa.

Kwa hiyo msiniambie taarifa hakuna. Zipo, ila kila moja inaishi kwa mama yake. Anayejua ukubwa wa kiwanja hajui namba ya kibao. Kibao hakijui mita, mita haijui mmiliki. Na hao wote hakuna hata mmoja anayejua kuhusu korongo.

Niwapeleke nyuma ya nyumba sasa.

Kwenye mlango wa jiko kuna kizingiti cha saruji. Mwaka 2010, nilipohamia nyumba ikiwa bado haina dari, nilitoka kwenye kizingiti hicho nikahesabu hatua zangu, si za mzee, mpaka ukingoni mwa bonde. Zilikuwa 23. Kiwanja changu kiliishia hatua ya 14, tisa zilizobaki zilikuwa za vichaka na mbuzi wa watu. Bonde lenyewe lilikuwa bonde la kawaida, mteremko wa nyasi unaoweza kuushuka ukiwa umevaa kandambili, na chini kijito kinachotiririka wakati wa masika tu. Watoto walikuwa wakichuma zambarau kule.

Kwa mwalimu kuhesabu ni ugonjwa, kwa hiyo kila masika yakiisha nilihesabu tena. Zikawa 22, zikakaa hapo miaka kadhaa. Kisha juu yetu kilimani watu wakajenga kwa kasi, nyumba nzuri, mabati ya msauzi, ua wote pevingi. Mvua iliyokuwa ikinywewa na shamba la mikorosho ikakosa pa kuzama. Ikaja lami, tukashangilia, nami nilishangilia, na mitaro ya lami ikayakusanya maji ya kilima kizima na kuyaleta kwenye kalavati moja, na kalavati ikayatemea bondeni kwetu. Huku bondeni chini zaidi, vijana wanachimba mchanga wa kujengea zile nyumba za juu, na shimo likichimbwa kwenye mkondo, korongo hula kuelekea juu, linatafuna kingo likirudi nyuma kwenye mwinuko. Mchanga wetu unapanda kilimani kwa Fuso na kurudi kama maji. Sijasoma uhandisi. Nimeyaona haya dirishani.

Mwaka 2018 walipochimbia bikoni ya magharibi, ukingo ulikuwa hatua ya 18. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilipofika Desemba, bikoni ilikuwa imesimama ukingoni kabisa, nusu ndani ya udongo na nusu hewani, kama jino la mtoto. Tulichanga majirani sita, tukanunua viroba, tukajaza udongo, tukapanga na matairi chakavu. Aprili 2024 usiku mmoja tukasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Asubuhi viroba havikuwepo, matairi yalionekana chini kabisa, na bikoni yangu ilikuwa imelala kwenye tope, namba yake inasomeka vizuri. Kijana wa jirani alishuka akaniletea. Iko stoo, kando ya jembe. Najua kung'oa alama ya mpaka ni kosa, ila naomba ieleweke kwamba sikuing'oa mimi.

Leo kutoka kizingitini ni hatua 11. Ukitoa kilichokwenda na maji, kiwanja cha mita 588 kimebaki na kitu kama 530. Mchoro wa upimaji bado unasema 588. Dalali anasema 650. Nilipomuuliza ameipata wapi alinijibu, "Mama, mteja anapenda namba yenye nafasi." Hilo ndilo kosa la kwanza la tangazo. La pili ni mita 400 kutoka lami. Ni 400 ukiwa kunguru. Kwa njia ya gari ni karibu 900, kwa sababu jirani mmoja kwenye ule mkutano wa mwembe alikataa kuachia mita moja na nusu ya barabara, na hakuna aliyemrudia. Njia inafika kwenye fensi yake, inakunja, inamzunguka, inaendelea. Bajaji inapita. Gari la kunyonya maji taka halipiti, wala la zimamoto. Kwenye mchoro barabara imenyooka kama rula.

Na mchoro huo huo unaonyesha eneo la wazi mbele ya nyumba ya tano kutoka kwangu, limepakwa kijani. Nenda leo ukakute grosari yenye spika mbili zilizoelekezwa barabarani. Mwenye nayo ana karatasi ya mauziano yenye muhuri kama wa kwangu. Simlaumu sana. Aliuliza kwa watu wale wale niliowauliza mimi, akapata jibu lile lile, kwamba hapa hapana tatizo.

Nitasema jambo ambalo huenda litawakera. Tatizo la watu wa mabondeni na wa hifadhi za barabara mara nyingi linaelezwa kama ukaidi. Tunaambiwa tulijua. Nikumbushe Kimara. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande, zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Nilipita na daladala siku hizo. Niliona makochi yamepangwa kando ya barabara kama sebuleni, televisheni juu ya stuli, na bibi amekaa kwenye kochi hilo anatazama magari. Sheria ya hifadhi ilikuwepo, sibishi, na barabara pana leo tunaipita wote. Lakini nyumba zile zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe walikuwa na karatasi zenye mihuri. Mtu amepokewa na ofisi tatu, ofisi ya nne inakuja na rangi nyekundu inaandika X ukutani. Unamwitaje mkaidi mtu ambaye hakuna ukurasa mmoja popote angeusoma kabla ya kununua, ukamwambia: hapa ni hifadhi, usijenge?

Yalikuwa hayo hayo kwa watu wa bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yakawatoa, baadhi wakapelekwa Mabwepande, na Desemba 2015 tingatinga likawakuta wengine pale pale. Waliopangisha vyumba vile walipangisha kupitia dalali. Tangazo bila shaka lilisema mtaa umetulia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nimeisoma. Swali langu ni dogo: bonde langu ni mto? Mwaka 2008 halikuwa mto wa mtu yeyote. Leo lina kina cha kumzidi mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake, na masika maji yake yanavuma hadi tunaongea kwa kupaza sauti jikoni. Kama ni mto, basi mimi, mwenye grosari na nusu ya mtaa tumo ndani ya mita 60, na mita zenyewe zinatembea, kila mwaka zinatufuata. Kama si mto, basi ni mtaro wa lami yenu na una mwenyewe. Nimeuliza ofisi mbili. Moja iliniambia mambo ya maji ya mvua ni ya barabara. Ya barabara ikaniambia mambo ya mabonde ni ya mazingira. Sikwenda ya tatu, magoti.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, na tangu ianze kutumika mwaka 2001 tumefundishwa, nami nimewafundisha watoto wa watu, kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sisi tuna haki ya kuitumia tu, miaka 33, 66 au 99 kwa mwenye hati. Vizuri. Ila ukimwekea mtu mali dhamana, kitu cha kwanza unachomwuliza ni daftari. Mweka hazina wa kikoba chetu hapa mtaani, mama anayeuza mkaa, ukimwamsha saa nane usiku atakwambia nani ana hisa ngapi na nani anadaiwa. Mdhamini wa ardhi yote ya nchi nadhani anaweza kuniambia kiwanja kimoja cha Goba kimezungukwa na nini.

Sitaki makubwa. Mmeshajenga mfumo wa e-Ardhi, mmeshabandika vibao, kliniki za ardhi zinakwenda hadi mitaani kutoa hati, na mita zinatuma kodi zenyewe. Ninachoomba ni ukurasa mmoja kwa kila kibao. Mtu yeyote, awe mnunuzi, mpangaji, au mama anayemtafutia mwanawe chumba cha chuo, aandike namba ya kibao na jina la njia kwenye simu yake, asome: kiwanja hiki kina mita za mraba hizi, kilipimwa mwaka huu, kina hati au hakina. Kiko umbali huu kutoka hifadhi ya barabara, umbali huu kutoka mkondo wa maji. Eneo la mbele limepangwa kuwa uwanja, au shule, au soko. Kuna mradi unakuja au hauji. Maji yaliwahi kufika hapa, mwaka fulani. Jina la mwenye nyumba msiweke. Sihitaji kila kijana wa mjini ajue bibi anaishi peke yake, na majibu yangu ya sensa yabaki siri kama sheria inavyotaka. Nyumba haina aibu, iwekeni nyumba na jirani zake: bonde, barabara, nguzo, mtaro.

Na serikali ya mtaa isigonge muhuri wa mauziano bila ukurasa huo kuchapishwa, kusomwa kwa sauti mbele ya mnunuzi na kubandikwa nyuma ya mkataba. Nimehudhuria mauziano matano kama shahidi. Muda mwingi unatumika kukokotoa ile asilimia kumi inayoombwa ofisini, ambayo viongozi wameikemea majukwaani mara nyingi na ambayo bado ina kiti chake pale mezani. Muda wa kuuliza bonde liko umbali gani sijauona. Mimi mwenyewe mwaka 2008 sikuulizwa, wala sikuuliza. Nilikuwa nimeshika fedha kwenye mfuko wa rambo, nimezifunga kwenye kanga, nataka yaishe nipumue.

Madalali nao msiwafukuze, mtawakosa. Kijana wangu huyu anajua kisima cha nani kina chumvi, njia ipi haipitiki Aprili, mwenye nyumba gani harudishi hela ya pango, na shule ipi basi lake linapita saa kumi na moja alfajiri na honi. Hayo yote yamo kichwani mwake kwa ajili ya mitaa zaidi ya kumi, kutoka Kinzudi hadi Madale. Msajilini, mpeni leseni, mlazimisheni aandike namba ya kibao kwenye kila tangazo ili msomaji akathibitishe mwenyewe. Akidanganya, mna pa kumshikia. Sasa hivi hana pa kushikiwa na hana pa kusifiwa.

Kuhusu korongo lenyewe, mawe ya gabioni, yale yanayofungwa kwenye wavu wa waya, na ile kalavati, nimewaandikia wahusika barua peke yake, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Sitaichanganya na hii. Ila mkipata siku, njooni kabla ya Machi, maana baada ya hapo nitawaonyesha hatua tisa badala ya kumi na moja.

Nimebakiwa na ule uongo mmoja wa tangazo. Haumo katika maneno yaliyoandikwa. Kijana alipomaliza kuandika, alinisomea, nikamwambia, "Mwanangu, mbona korongo hujaliweka?" Akacheka, akaniambia, "Mama, ukiweka korongo utakaa na nyumba yako mpaka ifuate viroba." Nikamwambia basi nitaliweka mimi. Tulibishana barazani hadi glasi ikaisha maji. Mwisho akaandika, kwa kusitasita, "nyuma kuna mandhari ya bonde." Nikamwambia afute hilo la mandhari. Akafuta. Hakuandika kingine.

Yule kijana wa benki amepiga simu tena. Amekunja uso lakini ameipenda sebule, na mkewe amelipenda jiko. Ameniuliza aje lini kuiona kwa mara ya mwisho kabla ya kulipa. Nimemwambia asije Jumamosi na jua. Asubiri mvua inyeshe usiku kucha, aje asubuhi yake na viatu vya mpira, nitamtoa kwenye kizingiti cha jiko ahesabu mwenyewe kwa hatua zake. Bikoni nitamwonyesha ikiwa stoo.

Ameniuliza, je, kuna ofisi anayoweza kupita kwanza akapata maelezo ya kiwanja kabla ya kuja? Nimemwambia nitauliza. Basi, waheshimiwa, nauliza.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Goba